Padi ya Baba

Haya, nakutegea, na usikurupuke kujibu. Nina kiwanja cha giza, upana wake haufiki hatua moja. Kila siku mtu anafia humo, anafufuka, anafia tena, na halijawahi kudondoka tone la damu. Ni nini hicho?

Kaburi? Kaburi gani linaloachia watu watoke! Ndoto? Hapo umekaribia, ila ndoto haichomekwi kwenye umeme. Sema tu umeshindwa. Na usinipe mji, mji mzima nitaupeleka wapi, wakati nyumba moja tu kuifagia ni kazi. Kiwanja hicho ni tivi ya kichogo yenye mchezo wa vita vya angani ndani yake. Tivi ninayoisema ilikuwa sebuleni kwa Fundi, juu ya kabati la vyombo, na aliyekuwa akifa na kufufuka humo ni Fundi mwenyewe.

Fundi alikuwa mtu wa tivi, redio na antena. Hapakuwa na paa mtaani ambalo hakulikanyaga. Watu walikuwa wakisikia mabati yanalia juu ya vichwa vyao mchana kweupe, hata hawaulizi ni nani. Picha ikiingia chenga, aitwe Fundi. Basi asubuhi moja amekaa zake kibarazani anafunga kamba za viatu, vidole vikaiachia kamba. Akadhani ni ganzi ya kulalia mkono. Alipofungua kinywa amwite dada yake, mdomo ukaenda upande. Kumbe ni kiharusi.

Mguu ulirudi, kwa kujivuta. Ulimi ulirudi, tena na makali yake yote. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Ulikaa pajani kama mgeni aliyeambiwa asubiri mwenyeji, na mwenyeji haji.

Humo ndani alikuwa na watu wawili. Dada yake, ambaye watoto wote wa mtaa humwita Shangazi, alihamia siku ileile ya hospitali na sanduku lake kichwani. Na binti yake wa pekee, aliyefiwa na mama angali mdogo, akakulia chini ya meza ya kazi ya baba, anaokota skrubu zinazoanguka. Sasa alikuwa mwanamke mzima mwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, lakini mtaa ulishampa jina na jina halikumtoka: Fundi Mdogo.

Hospitali palikuwa na dada wa mazoezi, mpole wa sauti, mgumu wa maneno. Alimpa Fundi mpira wa raba, akamwambia aufinye na kuuachia, aufinye na kuuachia, asubuhi na jioni. Kisha akamvuta Fundi Mdogo pembeni.

"Vidole visivyofanya kazi vinajikunja," akamwambia. "Vikishajikunja vikakauka, mimi sina la kuvifungua, na mwingine yeyote hana. Mfanyishe."

Maneno hayo yalimwingia Fundi Mdogo sikioni yakapiga kambi humo. Jioni akirudi kazini, jambo la kwanza ni kuuliza.

"Baba, mpira uko wapi?"

"Umekwenda shule."

"Umekwenda shule vipi?"

"Watoto walipita hapa hawana mpira, nami nilikuwa nao. Wewe ulitaka nifanyeje?"

"Baba, ule ni dawa!"

"Dawa ya kufinya? Mimi si mtoto wa chekechea. Sifinyi."

Shangazi, aliyekuwa anapembua mchele, akasema bila kuinua uso, "Mwache. Huyo tangu utotoni ukimwambia kula, anafunga mdomo. Ukimwambia usile, anakomba sufuria."

Shangazi alisema lile kama mzaha, lakini Fundi Mdogo alikaa nalo. Usile. Akainuka, akaenda stoo, akavuta boksi lililokuwa nyuma ya mifuko ya nguo kuukuu. Ndani yake mlikuwa na mashine ya michezo, ile ya zamani ya kuchomeka kaseti juu, ambayo kiwanda chake kilishaacha kuitengeneza kabla yeye hajaanza kuvaa viatu vya kufunga mwenyewe. Enzi zile ilikaa dukani kwa baba yake. Mteja akisubiri tivi yake, anacheza. Na Fundi akimaliza kazi, huja kuwafukuza wote kwa kuwafunga.

Mashine hiyo ilikuwa na matundu mawili ya padi, vile vidude vya vitufe vya kuchezea, na kwa mila ya nyumba ile, padi ya tundu la kushoto ni ya baba. Waya wake alishaufunga utepe mweusi pale panya alipouonja. Mgeni awe nani, aje na heshima gani, atapewa padi ya kulia. Hata ile ya kulia ikiharibika, watu watasubiri itengenezwe, ya baba haiguswi. Hakuna aliyepata kuitunga sheria hiyo. Ilikuwa hivyo tu, kama vile kila mtu ajuavyo kiti chake mezani.

Lakini kaseti za zamani Fundi alizijua zote kwa moyo. Angezicheza mara mbili, azipige teke. Kwa hiyo Fundi Mdogo akaamua kutengeneza mchezo mpya wa mashine iliyokufa. Usicheke, wapo watu wa namna hiyo duniani, wengi tu. Wanakutana mtandaoni, wanafundishana jinsi ya kuandika maagizo ambayo mashine kongwe kama hiyo itayaelewa, wala hawalipwi. Ni mapenzi tu yamewashika. Akajifunza kwao. Baada ya kufunga kibanda alikuwa anakaa na kompyuta, anachora kwa vidoti vyombo vya angani na madudu ya kuvishambulia, kidoti kimoja kimoja, kama mtu anayedarizi mto.

"Umri huu wenzio wanatafuta wachumba," Shangazi akamwambia. "Wewe unatafuta madudu."

"Madudu hayaniulizi nimepika nini, Shangazi."

"Na hicho chako kinachorusha moto, mbona kama pasi?"

"Ni chombo cha angani."

"Basi huko angani wananyoosha nguo."

Mchezo ulipokuwa tayari, alichukua kaseti ya mpira wa miguu iliyokwisha kufa, akaifungua, akanyofoa chipu yake, akalehemu ya kwake yenye mchezo mpya. Kisha akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alijifunga vidole vya mkono wake wa kulia kwa plasta, akabakisha gumba tu, nalo akalifunga nusu ili liwe zito kama la baba yake. Akacheza. Akafa. Akacheza tena, akafa. Alicheza mpaka plasta ikalowa jasho, na kila mara lile dudu kubwa la mwisho lilimmaliza. Ndipo akaelewa kwamba mkono kama ule wa baba hauwezi kufika mwisho wa mchezo ule kamwe.

Angeweza kuulegeza mchezo wote. Lakini alimjua baba yake. Kitu kilicholegea hukitambua mara moja, na akikitambua, kitaenda shule kuufuata mpira. Kwa hiyo aliuacha ule ukali, akaficha jambo dogo ndani yake. Mchezaji alikuwa na roho tatu, kila akifa inakatwa moja. Roho mbili za kwanza madudu yanamshambulia bila kumbakizia. Akibaki na roho ya mwisho, risasi za madudu zinapunguza mwendo kimyakimya, na zake yeye zinajiongeza kidole kikigusa kitufe hata mara moja. Ile sehemu ya maagizo aliipa jina, maana sharti uipe jina ili uikumbuke. Aliiita HURUMA.

Na huruma hiyo aliifunga kwenye tundu la kushoto. Hakuwaza mara mbili. Kwake yeye tundu la kushoto na baba vilikuwa kitu kimoja.

Siku ya kwanza alimwambia baba yake, "Nimetengeneza mchezo, ila ni wa wateja wangu. Wewe usiuguse, ni mgumu, utakutesa."

Shangazi akakohoa ndani ya kanga.

Fundi akatazama kaseti, akatazama binti, akatazama tivi. "Lete padi yangu," akasema.

Mkono wa kulia ulibebwa na wa kushoto ukawekwa juu ya padi, kama unavyomlaza mtoto. Gumba likagusa kitufe. Chombo kikarusha moto.

"Ala! Na hili dudu kubwa lenye kipara, ulilichora ukimtazama rafiki yangu Kinyozi?"

"Sikumtazama mtu."

"Muongo. Hata masikio ni yake."

Kuanzia siku hiyo likaitwa Kipara, na nyumba ikapata kelele iliyokuwa imepotea. Fundi alikufa, akatukana, akafufuka. Roho mbili zinakwenda na maji, na ile ya tatu inadumu, inadumu, mpaka Kipara anapasuka vipande. Mara ya kwanza alipompasua aliutazama mkono wake kama mtu aliyepokea salamu kutoka kwa ndugu aliyedhaniwa amepotea baharini. Fundi Mdogo alikuwa mlangoni. Alitoka nje akafuta macho kwa kiwiko, kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta ya kazi.

"Mimi bwana ni mtu wa roho ya mwisho," Fundi akaanza kuwaambia watu. Alimwambia muuza maziwa. Alimwambia dada wa mazoezi. "Zile mbili za kwanza nazichezea tu, napasha moto mkono. Nikibaki na moja ndipo ninapoamka. Ndivyo nilivyo. Hata kiharusi hakikujua hilo, kingejua kingenipitia mbali."

Akaanza kushika kikombe kwa mkono wa kulia. Chai ilimwagika, akashika tena. Dada wa mazoezi akambinya vidole kimoja kimoja, akatabasamu. "Gumba limeanza kusikia," akasema. "Vingine navyo havijakaza. Endelea hivyohivyo, usiache hata siku. Lakini kushika kwa nguvu bado. Ngazi usiiguse."

Fundi alisikia sentensi ya kwanza. Zilizofuata zilimpitia kama gari la watu wengine.

Haikupita muda, upepo ukaja ukapinda dishi la mwenye duka la dawa, na habari zikamfikia Fundi kwamba ameitwa fundi mwingine wa mtaa wa pili. Alikataa kula.

"Mtaa wangu? Paa langu? Mwambie asimlete mtu. Jumamosi napanda mwenyewe."

"Utapandaje, baba?" Fundi Mdogo akauliza.

"Kwa ngazi. Kwani siku hizi mnapanda kwa nini?"

"Na mkono?"

Fundi akauinua ule mkono. Ulitetemeka hewani, lakini uliinuka. "Mkono uliompasua Kipara ushindwe na ngazi? Mwanangu, wewe ndiye uliyesema ule mchezo ni mgumu. Wewe mwenyewe unaumaliza?"

"Siumalizi," akasema, na ilikuwa kweli, ila kweli ya mkono uliofungwa plasta.

Kabla Jumamosi haijafika, Alhamisi mchana Kinyozi alifunga mapema akaja kumjulia hali rafiki yake. Kinyozi alikuwa mtu mnene wa kicheko, kipara chake kinang'aa kama sahani, na tangu enzi za dukani yeye na Fundi walikuwa hawamalizi saa bila kutaniana.

"Nasikia umenitia kwenye tivi unanipiga mabomu."

"Ukae nikuonyeshe unavyokufa."

"Mimi nife mbele ya mgonjwa? Lete hiyo padi."

Akapewa ya kulia. Mchezo ule uliwezekana kuchezwa na wawili: tivi inagawanyika katikati, kila mmoja na madudu yake upande wake, anayemaliza kwanza kashinda. Fundi Mdogo alikuwa amerudi kula. Alisimama na sahani mkononi, na hakikumjia chochote cha kumwonya. Hata hakukumbuka kwamba ana la kuogopa.

Roho zikakwenda, huku na huku. Wote wakabaki na moja moja. Na Fundi akashinda.

"Shangazi! Njoo umwone Kinyozi amenyolewa!"

Kinyozi hakucheka. Alikuwa ameinamia tivi, macho ameyakaza kama anapotafuta chawa kichwani mwa mteja anayemheshimu. "Hebu tena," akasema. Wakacheza tena. Fundi akashinda tena.

"Rafiki yangu," Kinyozi akasema polepole, "au macho yangu yamezeeka? Mwishoni risasi za huku kwangu zinakimbia. Za kwako zinatembea. Tena zinatembea kama zinakwenda harusini."

"Maneno ya aliyefungwa hayo."

"Basi tubadilishane padi."

Shangazi, aliyekuwa mlangoni na mwiko, akamtazama Fundi Mdogo. Padi ya baba haijawahi kutoka mkononi mwa baba. Fundi, labda kwa kujiamini, labda kwa kuwa mtu aliyekaa na tivi maisha yake yote huwa hawezi kuambiwa picha ina kasoro akaacha kuichungulia, akaisukuma ile padi yenye utepe mweusi mezani.

Alikufa upesi. Roho ya kwanza, ya pili. Ya tatu haikudumu. Ilikwenda kama zile mbili, palepale. Upande wa kushoto Kinyozi alibaki na roho ya mwisho, akawa anacheza kwa mkono mmoja huku mwingine unajikuna shingo, na Kipara akapasuka.

"Tena," Fundi akasema.

Ikawa vilevile. Hata Kinyozi sasa alitamani ashindwe, akawa anagusa kitufe kwa kuvizia, lakini mchezo haukumruhusu kushindwa. Akaweka padi chini kama kitu cha moto. "Ah, mashine yenyewe nzee hii," akasema. "Mimi nakwenda, nimemwacha mtu kibandani na nusu ya nywele." Hakuwa amemwacha mtu, alishafunga.

Fundi hakugeuka kumuaga. Alimgeukia binti yake.

"Mdogo."

"Abee, baba."

"Siku zote hizi. Mimi niliwahi kushinda? Hata mara moja?"

Fundi Mdogo alifungua mdomo. Alitaka kusema jambo, lolote. Kilichotoka ni, "Nimeacha maji jikoni, yatamwagika," akaondoka na sahani yake. Jikoni hapakuwa na maji yoyote motoni.

Shangazi akamfuata, akafunga mlango kwa mgongo.

"Ulifanya nini humo?"

Akamweleza. Shangazi hakuelewa maagizo wala tundu, lakini alielewa huruma.

"Basi mwambie mashine mbovu. Mwambie lile tundu la pili limechoka. Atakuamini, wewe ndiye fundi."

"Nikimwambia hivyo, Jumamosi anapanda ngazi. Anaamini mkono wake umepona, Shangazi. Nimemwaminisha mimi."

"Ngazi tutaificha."

"Mtaa una ngazi ngapi?"

Shangazi akasema kwa sauti ya chini, "Na ukimwambia ukweli? Unamjua. Hiyo padi haitaguswa tena. Ataweka mkono pajani, ujikunje mpaka uwe kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Utachagua nini, avunjike shingo au ukauke mkono?"

Fundi Mdogo akakirudisha chakula chake sufuriani.

Ijumaa alikuwa kibandani, simu ya mteja imefunguliwa mbele yake, na hakuona hata kioo kiko upande gani. Alifungua kompyuta, akaitafuta ile sehemu, akaifuta. HURUMA ikaondoka kwa kubonyeza mara moja. Akatengeneza chipu nyingine isiyo nayo, akaitia kwenye kaseti nyingine, akaenda nayo nyumbani mfukoni. Lakini alipofika sebuleni akaona padi mbili zimelala kabatini, waya umezungushwa vizuri, na baba yake amekaa anatazama tivi iliyozimwa. Chakula cha jioni alikula kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa pajani, vidole vimeanza kujikusanya. Kaseti ikabaki mfukoni.

"Tundu la pili limechoka," Shangazi akaropoka katikati ya kula, macho kwenye sahani. "Mdogo ameniambia. Limeingia kutu."

Fundi akaacha kutafuna. "Amekwambia hivyo?"

"Ndiyo."

"Kutu," Fundi akasema. Akameza. Akamtazama binti yake, na binti hakusema ndiyo, hakusema siyo. "Haya. Kama ni kutu basi ni vizuri."

Jumamosi asubuhi Fundi Mdogo alirudi kutoka sokoni, akakuta ngazi imeegemezwa ukutani nje. Ilikuwa ya mwenye duka la dawa, ndefu, yenye rangi ya madoa. Akatupa kikapu kibarazani akaingia.

Baba yake alikuwa mezani, ile meza ya kazi ambayo hakuikalia tangu augue. Alikuwa amevaa nguo zake za kupandia mapaa. Mashine ya michezo ilikuwa mbele yake imefunguliwa tumbo, skrubu zimepangwa kwenye kisosi, bisibisi mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya mashine, umeikandamiza kwa uzito wake isiteleze, na ulikuwa unatetemeka. Skrubu moja ilikuwa imemponyoka chini. Hakuweza kuinama kuiokota. Kando palikuwa na mita yake ya kupimia umeme, imewashwa.

Shangazi alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kanga amejifunga kibwebwe, mikono kichwani.

"Kaa," Fundi akamwambia binti yake.

Akakaa, upande ule wa meza aliokuwa akikaa utotoni.

"Haya matundu mawili nimeyapima. Yote mazima. Hakuna kutu, hakuna waya uliokatika. Lile la kulia zima kuliko la kushoto, kwa sababu la kushoto ndilo nililolitumia." Aliiweka bisibisi chini taratibu. "Shangazi yako amenidanganya kwa kuwa ananipenda. Kinyozi naye alikimbilia mteja hewa kwa kuwa ananipenda. Hospitali wananipigia makofi nikifunga kifungo cha shati, kama mtoto aliyekwenda chooni mwenyewe. Wote mmenivika kilemba cha ukoka, nami nikatembea nacho mtaani."

"Baba, mimi..."

"Bado. Wewe nimekufundisha kazi hapa. Ukitaka kujua waya una umeme, unafanyaje? Unauliza watu?"

"Napima."

"Na mita ikiwa inakudanganya?"

Fundi Mdogo akaitazama ile mita mezani.

"Mtu anakamata waya. Ndivyo anavyokufa." Aliutazama mkono wake wa kulia, ukitetemeka juu ya mashine. "Huu mkono mimi siujui tena. Nauamrisha, siku nyingine unasikia, siku nyingine unajifanya haunijui. Sina pa kuupimia. Niliposhika ile padi nilisema, hapa nimepata mita. Hii haina upendo, haina huruma, ni mashine. Ikisema nimeshinda, nimeshinda." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Ngazi iko nje. Mwenye duka ananisubiri. Nikishika daraja la juu kwa mkono huu, nataka nijue ninashika kwa mkono wa nani."

Nje Kinyozi alikuwa amefika, anasikika akimwamkia mtu kwa sauti kubwa, kisha hatua zake zikaishia dirishani, kama aliyechungulia akaona si pa kuingia.

"Nilikuuliza Alhamisi," Fundi akasema. "Ukanikimbia. Nakuuliza mara ya pili na sitauliza ya tatu. Niliwahi kushinda?"

Fundi Mdogo alimwangalia. Aliona nguo za kazi zilizokuwa zimemkaa vizuri zamani, sasa zinampwaya mabegani. Aliona gumba lile, ambalo kweli lilikuwa limeanza kusikia, limekandamiza ukingo wa mashine mpaka ukucha umekuwa mweupe. Alijua kwamba akisema ndiyo, baba yake atasimama, atatoka, atapanda. Alijua pia kwamba akisema hapana, huenda kesho asubuhi padi itakuwa imekwenda shule. Neno "lakini" lilimjia mpaka kwenye meno, pamoja na yote aliyotaka kuyaweka nyuma yake: lakini ulijitahidi, lakini vidole vimelainika, lakini mimi mwenyewe nilijifunga plasta nikashindwa. Akalimeza.

"Hapana, baba," akasema. "Hata mara moja. Kila roho ya mwisho, nilikuwa nakubeba mimi."